Bakuli la Doto

Masikio yako wapi, wajukuu zangu? Kichwani. Na moyo? Kifuani. Na mkono wa Masele uko wapi? Uko kwenye karanga za mwenzake. Urudishe, baba. Kisa hiki hakipendi mtu anayekula cha mwenzake, na mkinisikiliza mtajua kwa nini.

Zamani. Na nikisema zamani sisemi wakati baba zenu wanavaa kaptula. Nasema zamani ile ambayo bibi yangu alisimuliwa na bibi yake, na hata huyo aliikuta imeshazeeka. Zamani hizo palikuwa na ziwa lisilo na maji. Lilikuwa uwanda mweupe wa magadi, unatazama mpaka macho yanachoka na bado hujauona mwisho wake. Pembeni mwa uwanda huo palikuwa na kijiji kikiitwa Sindamo.

Watu wa Sindamo walikwangua magadi wakayabadilisha kwa mtama na mbuzi. Lakini mchana hawakuweza kufanya kazi. Jua likipiga juu ya weupe ule, mtu anarudi nyumbani akipapasa ukuta. Kwa hiyo walilala mchana, wakaamka jua likizama, wakakwangua mpaka Kilimia, kile kishada cha nyota, kilipokuwa juu ya vichwa vyao. Watu wa kazi ya namna hiyo walizijua nyota vizuri kuliko nyinyi mnavyowajua watani wenu.

Sasa, upande wa kaskazini, si mbali na Kilimia, kuna nyota moja. Ipo mpaka leo, nitawaonyesha msiposinzia. Leo ukiitazama inang'aa. Kesho inang'aa. Kesho kutwa inafumba jicho. Haizimiki ghafla kama koroboi, hapana. Jua likizama iko nzima, ukimaliza mistari miwili ya magadi imebaki kaa la moto tu, na unapobeba kitunga chako kurudi nyumbani inaanza kupata nafuu. Inafumba, inafumbua. Usiku wa tatu inafumba tena, ikiwa imetangulia kidogo kuliko mara iliyopita, na hivyo hivyo inatangulia na kutangulia mpaka ije ifumbe mchana watu wasiione, halafu inarudi kufumba usiku. Inafumba, inafumbua. Semeni na nyinyi. Inafumba, inafumbua. Haya.

Wasafiri waliotoka pwani na mizigo ya shanga waliiita Kichwa cha Zimwi, na walipoiona imefumba walivuta nguo wakajifunika uso. Watu wa Sindamo waliiita Kulwa na Doto. Mnajua kwamba kwetu pacha anayetangulia kuzaliwa ni Kulwa, na anayefuata ni Doto. Walisema nyota ile si moja, ni mbili, zinazungukana zikiwa zimekaribiana mno hata jicho haliwezi kuzitenga. Kulwa ni yule anayeng'aa, mweupe, mkali. Doto ana mwili mkubwa, mzito, mwekundu, na mwanga wake ni kidogo. Kila Doto akipita mbele, anamziba Kulwa. Walijuaje hayo? Msiniulize, mimi sikuwapo.

Walikuwa na desturi yao. Mtoto akizaliwa nyota imefumba, walisema huyo ni pacha, hata kama ametoka peke yake. Aliyeonekana aliitwa Kulwa. Asiyeonekana aliitwa Doto, naye alikuwa na haki zake. Kila jioni mama alipakua mara mbili. Bakuli moja aliliweka ndani kwa mtoto wake. Bakuli la pili alilipeleka nyuma ya nyumba, chini ya ukuta unaotazama kaskazini. Halafu aliita wote wawili: Kulwa, chakula. Doto, chakula. Asubuhi bakuli la nyuma lilikuwa tupu, na watu walisema kuku wamekula, na kuku hawakubisha.

Hapo kijijini aliishi mwanamke jina lake Nkwimba. Nkwimba alikuwa amezika watoto wawili wachanga, mmoja baada ya mwingine, na tangu hapo alikuwa mtu wa kushtuka. Mlango ukigongwa anashtuka. Mtoto wa jirani akikohoa anashtuka. Alipopata mimba ya tatu hata mume wake Lugembe aliogopa kuitaja. Uchungu ulimshika jioni ambayo nyota imefumba. Aliyemzalisha alikuwa mama mkwe wake, Bibi Holo, mkunga wa kijiji kizima, mwanamke mfupi mwenye mikono mipana asiyependa maneno mengi. Uchungu ulikuwa mbaya. Nkwimba alizimia katikati, na alipozinduka aliwekewa kifuani mtoto wa kike anayelia kwa nguvu.

"Huyu ni Kulwa," Bibi Holo alisema. "Bakuli la Doto utaliweka pale nyuma, chini ya ukuta. Palepale nitakapokuonyesha, si mahali pengine. Na usisahau hata siku moja."

Nkwimba hakusahau. Mtu aliyezika wawili hasahau kitu. Kila jioni, kiangazi na masika: Kulwa, chakula. Doto, chakula. Naye mtoto alikua. Alikua mpaka watu wakawa wanamwonea gere mama yake. Mwaka wa homa, watoto wa Sindamo walilala mikekani safu nzima, na Kulwa alikuwa nje anafukuza mbuzi. Mwaka wa njaa, wenzake walibaki macho tu, na Kulwa alikuwa na mashavu. Alikuwa na ngozi inayong'aa hata bila mafuta. Kitu kimoja tu kilimkera Nkwimba. Asubuhi nyingi mtoto aliamka na mlenda uliokauka kwenye pembe za mdomo, ingawa jioni iliyotangulia alikuwa amenawishwa vizuri.

"Umekula bakuli la nduguyo," Nkwimba alimwambia.

"Sijatoka ndani, mama."

"Na huo mlenda mdomoni?"

Mtoto alijipangusa, akautazama mkono wake, akaanza kucheka. Alichapwa kidogo kwa ajili ya hilo. Siyo sana.

Mambo yalibadilika mwaka ambao Kulwa alipoteza meno ya mbele. Ilikuwa mwisho wa kiangazi, mvua bado, na nyota ilikuwa inachomoza mara tu baada ya jua kuzama. Kulwa alikuwa ameanza kwenda uwandani na mama yake. Jioni moja wanakwangua, Nkwimba alisikia wimbo wa mwanawe umekatika. Alimshika mkono akakuta ni wa baridi, baridi ile ya jiwe la chini ya mtungi. Macho yalikuwa wazi, ila hayakumtazama mama yake. Yalimtazama mtu aliyesimama mbele yake, karibu kabisa, na mbele yake hapakuwa na mtu. Nkwimba aliinua uso kaskazini. Nyota ilikuwa imefumba.

Ilipofumbua, Kulwa alipumua, akaokota kikwanguo chake, akaendelea na kazi na wimbo wake ulipokuwa umeishia. Usiku wa tatu ikawa hivyo hivyo. Inafumba, mtoto anapoa. Inafumbua, mtoto anapata joto. Mnacheka? Mimi niliposimuliwa hapa sikucheka, nilimsogelea bibi yangu.

Usiku mmoja walirudi nyumbani kukiwa na mbalamwezi, na Nkwimba akageuka nyuma kutazama walikopita. Magadi yanashika nyayo vizuri. Aliziona nyayo zake mwenyewe. Aliziona za Kulwa, nyepesi, zimegusa tu. Na kando ya za Kulwa, bega kwa bega, palikuwa na nyayo nyingine za mtoto, pana, zimezama mpaka kwenye tope jeusi la chini. Zilianzia walikotoka. Ziliishia walipokuwa wamesimama.

Hakumwambia mtoto. Alimbeba mgongoni, mkubwa vile vile, akakimbia naye mpaka nyumbani.

Wiki hiyo walikuwapo kijijini wasafiri wa shanga, na mmoja wao, mzee wa kilemba, alimwona Kulwa amepoa akatikisa kichwa. "Mama, sisi tunaijua nyota hiyo," alisema. "Ni Kichwa cha Zimwi. Hebu itazame mwenyewe uone kinachotokea. Mwanga upo, giza linakuja, mwanga unaliwa. Unalilisha zimwi kila jioni kwa mkono wako, linanenepa, na likishanenepa litammaliza mwanao. Umeshaona nyayo zake? Zimezama kiasi gani?"

Nkwimba alimwonyesha kwa kidole, na mzee akamfundisha namna ya kulikataa. Akili ya mwanamke ikaanza kuhesabu mambo. Doto ni mzito. Doto anakula kila siku. Doto anamziba Kulwa. Aliwaza watoto wake wawili waliotangulia akajisemea kwamba huyu hampi mtu.

Alikwenda kwa mama mkwe wake, akamkuta anachambua mtama.

"Mama, nataka kumkataa Doto. Nilizike bakuli, nifunge mlango."

Mikono ya Bibi Holo ilisimama. "Usifanye hivyo, mwanangu."

"Kwa nini?"

Bibi kizee aliinamisha uso. Akarudia kuchambua mtama wake.

"Basi kama huna sababu, mama, uniache niokoe mtoto wangu."

Jioni ya kufumba ilipofika, Nkwimba na Lugembe walikwenda na bakuli mpaka uwandani. Walilifudikiza, wakalichimbia chini ya magadi, wakakanyaga juu. Nkwimba akasema alivyofundishwa na yule mzee: "Doto, hatukujui. Nyumba hii ina mtoto mmoja." Sauti yake ilikwenda uwandani ikarudi. Lugembe alikuwa amejificha nyuma ya mkewe, na Lugembe alikuwa mwanamume aliyewahi kumtoa fisi zizini kwa mkono.

Na je, ilifaa? Ilifaa, wajukuu zangu. Hapo ndipo ubaya wake ulipo. Usiku wa tatu nyota ilifumba, na Kulwa hakupoa. Alikaa na joto lake, akacheka, akauliza kwa nini mama analia. Nyayo zilikuwa jozi mbili tu, ya mama na ya mwana. Nkwimba alilala usingizi ambao hakuwa ameulala tangu alipoolewa. Mzee wa kilemba akapewa mbuzi, akaenda zake.

Kisha Kulwa akaanza kuwa na njaa.

Alikula bakuli lake, akasema bado. Aliongezwa, akasema bado. Alikomba chungu, akakaa ameshika tumbo, na macho yake yalikuwa makubwa. Mashavu yakaondoka. Ngozi ikapauka ikawa rangi ya magadi. Nkwimba alimpa chakula chake mwenyewe. Alisema ameshakula jikoni, na jikoni alikuwa ameonja majivu tu. Mama akakonda kwa kutokula na mtoto akakonda kwa kula. Asubuhi alimtazama mdomo, pembe zake zilikuwa kavu na safi. Hata mlenda ule uliomkera sasa aliutamani.

Ikafika siku Kulwa hakuweza kuinuka mkekani. Jua lilikuwa linazama. Nkwimba alikaa amempakata kichwa, na Bibi Holo alikaa mlangoni.

"Mama," Kulwa alisema, "mbona mmemfukuza?"

"Nani?"

"Yule anayenilisha."

Nkwimba akamwinamia.

"Nikilala huwa anakuja na bakuli. Ananiinua kichwa, ananilisha kwa mkono. Anasema wewe kula, mimi nimeshiba. Lakini hajashiba, mama, mkono wake unatetemeka. Akija karibu kivuli chake kina baridi, hilo tu, baridi. Mimi nilikuwa sijali."

"Kila siku?"

"Kila siku. Hajawahi kula hata kidogo."

Hapo Nkwimba alielewa. Alikuwa ameona nyayo zilizozama akadhani ni za mlafi. Hakufikiri kwamba mtu aliyebeba mzigo naye huzama.

Kule mlangoni Bibi Holo alikuwa amejifunika uso kwa kanga yake.

"Nitasema," alisema. "Nilinyamaza miaka yote hii, leo nitasema. Siku ile ulipozimia walitoka wawili, Nkwimba. Si mmoja. Alitangulia mkubwa, mnene, mtoto mzuri, amebeba nyama zote za tumbo lako. Hakupumua. Akafuata mdogo, kijiti tu, nikajua na huyu haponi. Nilimfungia kwenye ngozi ya mbuzi nikasubiri afe. Hakufa. Akawa analia kwa nguvu ambayo sikujua anaitoa wapi. Wewe ulikuwa umezika wawili. Nikaona nikikuambia wa tatu, utakufa nao. Yule mkubwa nikamzika peke yangu."

"Ulimzika wapi?"

"Palepale nilipokuonyesha uweke bakuli."

Wajukuu zangu, Nkwimba hakulia. Kuna wakati kilio hakijui kitokee wapi. Alikuwa amelisha kaburi la mwanawe tangu siku ya kwanza bila kujua, na kwa mdomo wake huo huo alikuwa amesimama uwandani akamwambia hatukujui.

Alimlaza Kulwa taratibu, akatoka. Alikwenda uwandani akakwangua kwa kucha mpaka bakuli likatoka, na kucha zikatoka na damu. Aliliosha. Alisonga ugali wa mtama uliokuwa wa mwisho, akaweka mlenda juu yake, akaenda nyuma ya nyumba, akapiga magoti chini ya ukuta. Kaskazini nyota ilikuwa inaanza kufifia.

"Doto, chakula," aliita.

Upepo tu.

"Doto, mwanangu, chakula. Nisamehe. Doto."

Nyota ikawa kaa. Ndani ya nyumba kifua cha mtoto kilikuwa kinapiga filimbi.

Ndipo Bibi Holo aliposema nyuma yake, kwa sauti ndogo, "Hilo si jina lake, Nkwimba. Yeye alitangulia."

Mnaona kosa la watu wa Sindamo? Walitazama nyota wakaona anayeng'aa wakasema huyu ndiye mkubwa. Wakamzaa mtoto wakaona anayelia wakasema huyu ndiye wa kwanza. Hakuna aliyeuliza. Miaka yote Nkwimba alikuwa amemwita mwanawe mkubwa kwa jina la mdogo, na mkubwa alikuja hivyo hivyo, kwa jina ambalo si lake, akachukua bakuli akampelekea mwenzake. Lakini alipokwisha kufukuzwa, jina lisilo lake halikuweza kumrudisha.

Nkwimba alivuta pumzi.

"Kulwa," aliita. "Kulwa, mwanangu wa kwanza. Chakula."

Ndani ya nyumba mtoto hakuitika. Alikuwa amelala. Aliyeitika alikuwa nyuma ya mgongo wa Nkwimba, karibu kabisa, mahali ambapo Bibi Holo alikuwa amesimama na sasa alikuwa amerudi nyuma hatua kadhaa mkono ukiwa mdomoni.

"Abee, mama."

Nkwimba hakugeuka. Alitamani, na shingo yake ilikataa. Baridi ilimgusa bega la kushoto, ikapita, na kivuli kikaanguka juu ya mikono yake na juu ya bakuli ingawa hapakuwa na mwezi. Alinyoosha bakuli mbele kwa mikono miwili. Lilikuwa zito, halafu likawa jepesi. Hilo ndilo jambo la mwisho alilokumbuka, maana alikuwa hajala kwa muda mrefu na nguvu zilimwisha pale pale, akalala chini ya ukuta.

Aliamshwa na jua na mtu anayemvuta nguo.

"Mama, nina kiu," alisema binti yake. Alikuwa amesimama kwa miguu yake. Pembe za mdomo wake zilikuwa na mlenda uliokauka.

Nkwimba alimshika mashavu, akamshika mabega, akamgeuza huku na huku. Kisha akaliona bakuli kando yake, tupu, limefutwa kwa kidole. Akataka kusema kitu, na aliposogeza ulimi alihisi ladha. Ilikuwa ya mtama, na mlenda, na magadi kidogo. Alijigusa mdomo. Pembe za mdomo wake mwenyewe zilikuwa zimekauka mlenda, wajukuu zangu, na pembeni mwa kichwa chake, pale ambapo mtu hupiga goti akitaka kumwinua mgonjwa, ardhi ilikuwa imebonyea.

Hapo sasa alilia.

Tangu siku hiyo binti aliyeishi aliitwa Doto, na hakuna aliyemcheka. Kila jioni Nkwimba alipakua, na bakuli la nyuma likawa la kwanza: Kulwa, chakula. Doto, chakula. Tena alilijaza mpaka juu, na kila jioni alisema, "Na wewe ule, mwanangu, na wewe ule kidogo," kama mnavyoambiwa nyinyi ingawa nyinyi hamhitaji kuambiwa. Watu wa Sindamo nao waligeuza majina ya nyota. Anayeng'aa ni Doto. Kulwa ni yule mkubwa mwekundu anayepita mbele. Nasikia hata wataalamu wa siku hizi wenye mitambo ya kutazamia mbingu wanasema ni mbili kweli, na kwamba huyo hafifu ndiye aliyekuwa mkubwa zamani, akamwaga moto wake kwa mwenzake, na anaumwaga hadi leo. Mimi sina mtambo. Nilisimuliwa tu.

Basi mshike hili. Ukiwa na afya na mashavu yako yamejaa, usijisifu kwamba unang'aa. Uliza nani anakulisha, na kama yeye amekula. Na ukiona kivuli kimesimama karibu na mtu umpendaye, usikimbilie kukifukuza kabla hujakiuliza jina lake.

Kisa nilikikuta mlangoni, nimekipitisha ndani, nanyi mkitoka mtatoka nacho. Kalaleni. Nyota ile kule juu imeshaanza kufifia, naiona. Masele, wewe unaingia wa mwisho. Hizo karanga zilizobaki ziweke kwenye kibakuli, ukiache pale chini ya ukuta wa nyuma. Usinitazame hivyo. Weka tu, na usigeuke.